Mugole wa Jumamosi

Kabla sijaolewa kweli niliozwa Jumamosi nyingi katika bustani ya hoteli moja ndogo ya Bukoba, karibu na ziwa, mbele ya wageni walioketi kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa. Kazi yangu ilikuwa kukaa mkekani nimefunikwa shuka jeupe, kuinamisha uso na kutosema neno. Kwa Kihaya bibi harusi anaitwa mugole, na mugole hasemi. Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyeongoza kikundi kilichocheza harusi hiyo, na ndiye aliyenichagua.

"Wewe unafaa," aliniambia. "Huhitaji kufundishwa kunyamaza."

Ilikuwa kweli. Wakati huo sikuwa na mengi ya kusema.

Nilizaliwa kijijini Izimbya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa baba na baba yake. Vita na Uganda vilipoanza nilikuwa darasa la pili. Watu waliokimbia kutoka upande wa Kyaka walipita barabarani na magodoro vichwani, na familia moja ikalala jikoni kwetu mpaka mvua zikaisha. Baba alichukuliwa mgambo, akavuka mpaka na jeshi, akarudi na redio kubwa ya kaseti. Tulimpokea kwa nyimbo. Baada ya hapo hakutulia tena nyumbani. Alikuwa amezijua njia za mpakani, akawa anapeleka kahawa ng'ambo kwa magendo na kurudi na sabuni na nguo. Miaka michache baadaye alianza kukonda. Wengine walisema amerogwa na mwenzake wa biashara. Wengine walisema silimu, yaani ukimwi, neno lililotufikia kutoka ng'ambo pamoja na zile sabuni. Akafa. Mama naye akafa, kabla hatujamaliza kuvuna kahawa ya msimu uliofuata. Baba mdogo akachukua kibanja. Shangazi akanichukua mimi, na redio.

Shangazi alikuwa mjane aliyeishi Buhembe, pale mji unapoishia kwenye migomba ya watu. Zamani akiwa Izimbya alijulikana kwa jambo moja: alikuwa mwanzishaji wa nyimbo za harusi. Palipokuwa na binti wa kusindikizwa aliitwa yeye, na wanawake wenzake wakamfuata kwa kuitikia. Zaidi ya kuimba, alikuwa mmoja wa wachache waliojua maneno ya ndani. Siku ya harusi mugole huingizwa chumbani na shangazi mmoja, wanajifunika nguo moja wawili, na shangazi humwambia sikioni maneno aliyoambiwa yeye siku yake, ya kuishi na mume, na wakwe, na nyumba. Huambiwa mara hiyo moja. Sitayaandika hapa.

Miaka hiyo harusi zilikuwa zimekauka. Waliofikia umri wa kuoana walikuwa wanauguza, au wanauguzwa, au wanamwogopa yeyote aliyerudi kutoka safari. Shangazi na wenzake waliendelea kuitwa, lakini sasa waliitwa misibani, kupika. Sufuria zilikuwa zilezile. Kwa desturi yetu palipo na msiba majirani hawashiki jembe, na misiba ilipoongezeka ikawa hakuna wiki ya kulima. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, na wazee wakakubali siku za kukaa msibani zipunguzwe, watu wasife na njaa pia. Hakuna aliyebisha. Nakumbuka mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye swali, na mama mmoja akauliza kikao kitaisha saa ngapi, kwa sababu alikuwa na mgonjwa.

Hapo ndipo alipokuja meneja wa ile hoteli. Alikuwa Mhaya mwenzetu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye hoteli za watalii huko Arusha, akarudi nyumbani na mawazo. Kwetu watalii wenyewe walikuwa wachache: wawili watatu waliovuka kutoka Uganda na mizigo mgongoni, au walioshuka kwenye meli ya Mwanza. Wageni wengi wa hoteli walikuwa madaktari, watu wa makanisa na watu waliokuja kuandika habari za yatima. Wiki nzima walizunguka vijijini kwenye nyumba zilizofungwa milango. Ikifika Jumamosi walitaka kupumzika.

"Mama, waitu," meneja alimwambia shangazi, akitumia lile neno letu la heshima, "wageni wangu wanaona vifo tu. Waondoke wakijua kwamba sisi pia tunaoa."

"Tunaoa?" shangazi akamuuliza.

"Tulikuwa tunaoa. Basi waonyesheni hivyo."

Shangazi alikubali kwa sababu mbili, na alizisema waziwazi mbele yangu. Ya kwanza, wanawake wake walihitaji fedha za dawa. Ya pili, nyimbo zilikuwa zimeanza kumtoka. Alikuwa ameamka siku moja akataka kuimba wimbo wa kumtoa mugole mlangoni, akakuta ubeti wa kati haupo. Ilibidi amfuate mwenzake hadi ng'ambo ya bonde kumuuliza.

Wakaanza. Walikuwa wanawake wa Buhembe na wengine waliohamia kutoka Izimbya, pamoja na mzee mmoja wa kupiga ngoma, mwanamume peke yake katika kikundi. Bwana harusi alikuwa mhudumu yeyote wa hoteli asiye na zamu. Walitandika majani mabichi chini, wakawapa wageni kahawa ya kutafuna kwenye vikapu vidogo, kama tunavyompa mtu yeyote anayeingia nyumbani, wakaimba tangu posa hadi kumtoa bibi harusi.

Mugole wa kwanza hakuwa mimi. Alikuwa binti wa mwanamke mmoja wa kikundi, msichana mzuri mwenye shingo ndefu, na wageni walimpenda. Baadaye akaanza kukohoa chini ya shuka. Wanawake waliimba kwa sauti kubwa zaidi ili kikohozi kisisikike. Siku moja hakuja, na siku nyingine hakuja, kisha tukaenda kwao kupika.

Gauni lake likaletwa kwangu. Lilikuwa limepunguzwa kiunoni, kisha likapunguzwa tena. Shangazi aliketi mlangoni na wembe, akafumua nyuzi moja moja mpaka gauni likarudi upana wake wa mwanzo, nikalivaa. Lilinitosha. Sikusikia hofu wala kinyaa. Nilifikiri tu kwamba shangazi anaona vizuri kwa umri wake.

Hivyo nikawa mugole. Niliketi, nikafunikwa, nikainama. Ilipofika sehemu ya maneno ya ndani, shangazi alijifunika nami shuka lile na kuweka mdomo sikioni mwangu. Wageni walinyamaza kabisa hapo, na nilisikia kamera zikilia. Lakini shangazi hakuniambia maneno yenyewe. Aliniambia yaliyokuwapo.

"Maharage nimeyaloweka, ukifika uyabandike."

Au: "Yule mwenye kofia amelala. Usimtazame."

Au aliponikuta nimechoka: "Baba yetu uliye mbinguni," akaenda nayo mpaka amina.

Mwanzoni nilidhani nitacheka. Sikucheka. Nilitikisa kichwa taratibu kama aliyepokea jambo zito, kisha nikatikisa mabega, kwa sababu mugole anatakiwa alie anapoiacha nyumba yao. Machozi hayakuja, lakini kwa mbali mabega yanatosha.

Baada ya muda meneja akaja na maombi. La kwanza, harusi ilikuwa ndefu mno. Wageni walikuwa na chakula cha jioni. Aliomba kila wimbo ukatwe nusu. Shangazi aliwaita wanawake jikoni kwake, mzee wa ngoma akakaa mlangoni, wakajadili huku wanamenya ndizi.

"Msiba tumeufupisha wenyewe," shangazi akasema. "Harusi nayo?"

"Wao si wakwe zetu," mwanamke mmoja akasema. "Hawajui kilichokatwa."

"Sisi tutajua. Ukiimba nusu kila wiki, hiyo nusu ndiyo utakayobaki nayo."

Walikubaliana waache nyimbo mbili kabisa, na zilizobaki ziimbwe nzima. Zile mbili waliziimba wenyewe wakiwa njiani kurudi Buhembe, zisiwatoke. Meneja alikubali. Hakuwa mtu mbaya.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Mgeni mmoja alikuwa amesikia wanawake wakiomboleza katika kijiji alichopita, akasema hajawahi kusikia kitu kama kile, akauliza kama kikundi kinaweza kuomboleza bustanini. Meneja mwenyewe aliona haya kulisema, akalisema akitazama ziwa.

"Hapana," shangazi akamjibu.

"Atalipa vizuri, mama."

"Akitaka maombolezo aje msibani. Ipo mingi, hatakosa. Aje na kuni kama majirani."

Meneja akaondoka. Sijui alimfikishiaje mgeni wake jibu hilo.

Kisha akaja mwanamke mmoja wa Kizungu aliyekuwa akiandika juu ya desturi zetu. Alijua Kiswahili kizuri na Kihaya cha salamu. Alikuja Buhembe kwa miguu, akaketi chini na wanawake, akaomba arekodi nyimbo zote, na yale maneno ya chini ya shuka pia.

"Wanaoyajua wanakwisha," alimwambia shangazi kwa upole. "Nawe hutaishi milele."

"Najua kwamba sitaishi milele," shangazi akasema. "Nyimbo rekodi, ila kaseti moja ibaki kwetu. Ya shuka ni ya anayeolewa. Wewe umeolewa?"

"Ndiyo."

"Basi shangazi yako alishakwambia."

Yule mama akacheka, akafunga daftari. Alirekodi nyimbo jikoni mle, na kaseti ilitufikia mwaka uliofuata kwa mkono wa padri mmoja. Mzee wa ngoma alikuwa ameshafariki. Tuliiweka kwenye redio ya baba, tukamsikia akipiga. Hakuna aliyelia. Shangazi alisema tu kwamba kwenye wimbo wa pili mzee alikuwa nyuma kidogo.

Katika Jumamosi hizo ndipo aliponiona mume wangu. Alikuwa mtu wa Muleba aliyenunua samaki Goziba, kisiwa cha mbali ziwani, na kuwaleta Bukoba. Alipitia mlango wa nyuma wa hoteli na sangara wake ndani ya barafu, na wakati mpishi anapima yeye alichungulia bustanini. Siku moja alinisubiri karibu na bomba la maji, nikiwa tayari nimevua gauni.

"Kila nikileta samaki nakukuta unaolewa," akasema. "Nami nabaki jikoni na mizani."

"Ni kazi," nikamjibu.

"Najua. Ningependa uifanye mara moja bila wageni."

Alikuwa na meno mazuri na sauti isiyo na haraka. Alifuata utaratibu wote, akamtuma mjomba wake kwa baba mdogo na kwa shangazi. Nilipoulizwa nilisema ndiyo. Nilitafuta moyoni sababu ya kukataa, sikuiona. Nikatafuta na ya kukubali, nayo sikuiona, lakini watu walikuwa wanangoja jibu. Kupima damu kabla ya ndoa hakukuwa jambo la kutajwa. Hakuna aliyelitaja.

Meneja alipopata habari alikuja mbio. Aliomba alete wageni waione harusi ya kweli, mara hii tu. Nilidhani shangazi atamfukuza. Aliendelea kupepeta maharage.

"Wageni huja kwenye harusi," akasema mwishoni. "Harusi bila wageni si harusi. Lakini waje kama wageni. Waje asubuhi wakati wa kumenya, si jioni wakati wa kucheza. Waje na zawadi. Wale wanachokula watu. Kamera ikae mlangoni mpaka mugole atoke. Na chumbani hawaingii."

"Hilo nitawaambia."

"Na wewe uje. Uje bila tai."

Walikuja wanne. Mmoja wao alikuwa daktari, mwanamume mrefu mwenye miwani, na wanawake wakampa kisu na mkungu wa ndizi. Alimenya vibaya sana, akibakiza maganda na kutupa ndizi, na utomvu ukamganda mikononi, lakini hakusimama. Mifuko ya kamera ilitundikwa kwenye msumari pamoja na makoti ya wakwe. Baadaye niliambiwa kwamba alasiri yule daktari alimweleza mjomba wa mume wangu kuwa tangu afike mkoani ile ilikuwa nyumba ya kwanza aliyoingia asiulizwe habari ya dawa.

Mimi nilikuwa chumbani. Gauni lilikuwa jipya. Shangazi aliingia, akafunga mlango, akajifunika nami nguo moja. Alinukia moshi na sabuni. Akaweka mdomo sikioni mwangu na kuanza.

Nilingoja maharage.

Sauti yake ilikuwa ya chini, tofauti na ya hotelini, na iliendelea muda mrefu. Nilijua kwamba haya ndiyo yenyewe. Nilijiambia sikiliza, sikiliza. Maneno yalinifikia sikioni, na kila lililofuata lililifuta lililotangulia. Sikio langu lilikuwa limezoea mahali pale kusikia habari za kubandika sufuria. Nilitikisa kichwa taratibu, kama nilivyozoea. Alipomaliza alinitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Basi lia kidogo, wanakungoja."

Nikatikisa mabega. Akafungua mlango, na nyimbo zikaanza, zote, na zile mbili zilizoachwa hotelini pia. Nilipotolewa nje nilimwona yule daktari amesimama kati ya wanawake, ametoa miwani, analia machozi yenyewe. Nikaona ajabu kidogo. Kisha nikapanda gari.

Goziba, alikonipeleka mume wangu, ni mawe, mabati na samaki. Hakuna barabara, kuna boti tu. Watu walitoka Ukerewe, Mara, Kigoma, Uganda, na kila mmoja alisema Kiswahili chake. Nyumba zilikuwa za kuhama, na ndoa nyingi pia; mwanamke aliishi na mvuvi msimu, dagaa wakihama naye anahama. Jirani yangu, mwanamke wa Mara aliyeanika dagaa, aliniuliza siku za mwanzo kama nilifanyiwa harusi. Nikamwambia ndiyo. Akataka nimwimbie. Niliimba wimbo wa kumtoa mugole, wote, huku tunageuza dagaa juu ya mawe. Alisema ni mrefu.

Mume wangu alikuwa mwema kwangu. Hilo naliandika kwa sababu watu hupenda kusikia vingine. Tuliishi miaka michache. Mtoto hatukupata. Kisha akaanza kuharisha, kisha homa, kisha akaomba arudishwe kwao Muleba. Boti ilikuwa imejaa samaki, tukamlaza juu ya maturubai, nami nikakaa nimeshika kichwa chake kisigonge ubao. Wakwe walinipokea vizuri. Alifia kwa mama yake, asubuhi, watu wakiwa wanakunywa chai. Siku za msiba zilikuwa chache, kama ilivyokuwa kila mahali wakati huo, na baada ya hapo mama mkwe aliniambia niko huru kubaki na niko huru kwenda. Nilikwenda. Baadaye sana, upimaji ulipofika hospitali zetu, nilipima, nikaambiwa sina virusi. Nesi alinipongeza. Nilikaa kwenye benchi nje mpaka yule aliyenifuata akatoka, kisha nikaenda sokoni.

Buhembe nilikuta mambo yamebadilika kidogo. Shangazi alikuwa amekataa kurudi kwenye bustani ya hoteli tangu harusi yangu. Alimwambia meneja kwamba yule daktari alijifunza zaidi kwa mkungu mmoja wa ndizi kuliko wengine wote kwa kukaa kwenye viti. Kuanzia hapo wageni waliletwa nyumbani kwake, wachache wachache, asubuhi. Walimenya, walitandika majani, walifundishwa kuitikia. Hapakuwa na mugole wa kuigiza. Kama hapana harusi, nyimbo ziliimbwa bila harusi, na shuka lilibaki sandukuni. Wageni wengine hawakupenda, wakasema hawakuona kitu. Wengine walirudi mara ya pili. Fedha zilikuwa kidogo kuliko za hoteli, na wanawake wawili walijitoa kwa sababu hiyo, bila ugomvi.

Nilikaa naye wiki kadhaa kabla ya kumwambia. Tulikuwa tunapalilia maharage chini ya migomba.

"Shangazi, siku ile sikusikia."

"Siku ipi?"

"Ya chumbani. Nilisema nimesikia. Sikushika hata neno moja."

Hakusimama. Aling'oa magugu, akakung'uta udongo kwenye mizizi. Nilidhani atasema huwa ni mara moja tu, na kwamba isitoshe nimeshakuwa mjane.

"Nilijua," akasema. "Ulitikisa kichwa kihoteli."

Tukapalilia mpaka mwisho wa tuta. Kisha akaanza kuyasema, kwa sauti ya kawaida, bila nguo ya kujifunika, akiendelea kupalilia. Mengine yalikuwa ya kumpikia mume na ya kumnyamazia mama mkwe, mambo ambayo sikuwa na haja nayo tena. Mengine sikuyategemea. Alipofika mwisho alinitaka niyarudie, nikakosea, akanirekebisha. Kesho yake nikayarudia tena shambani palepale. Tulifanya hivyo mpaka maharage yalipotoa maua. Sikusikia furaha, wala uchungu. Niliyashika, basi. Nilikuwa mtu pekee aliyebaki wa kuyashika.

Shangazi alikufa kwa uzee, jambo ambalo watu wa Buhembe walilizungumza kwa mshangao siku nyingi. Wanawake wakanitaka nianzishe nyimbo. Sauti yangu si nzuri kama yake, lakini beti ninazo zote.

Harusi zilianza kurudi polepole. Ya kwanza niliyoitiwa kama shangazi ilikuwa Izimbya, kwa binti wa jamaa zetu, mwalimu wa shule ya msingi. Wageni wawili waliokuwa wamekuja Buhembe wiki ile walifuatana nasi, wakapewa visu. Niliingia chumbani na binti, nikajifunika naye. Nikamwambia yote kwa mpangilio nilioufundishwa. Alisikiliza kwa makini, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia: akauliza.

"Shangazi, tumepima wote wawili, tuko wazima. Lakini yeye ni dereva wa malori. Akirudi safari, nifanyeje?"

Katika maneno niliyopewa hapakuwa na jibu. Yalitungwa kabla ya ugonjwa huu kuja. Nje walikuwa wameshaanza wimbo wa kumtoa, na mtu alikuwa anagonga mlango kwa kidole. Nikamwambia aliyegonga asubiri. Nikaweka tena mdomo sikioni mwa yule binti, nikamwambia ninavyofikiri mimi, kwa lugha ya kila siku, kuhusu kuuliza, kupima tena, na kukataa, na kwamba akikataa aje kwangu Buhembe, asiende kwa mtu mwingine.

Tulipotoka, mwanamke mzee kuliko wote kikundini alinivuta pembeni. Alikuwa amehesabu muda.

"Umekaa sana humo. Umeongeza kitu."

"Nimeongeza."

"Hakimo. Shangazi yako hakukupa hicho."

"Hakunipa."

"Basi siyo maneno tena. Ni hotuba ya nesi."

Tulibishana pale kando ya jiko, yeye akisema desturi haiongezwi, mimi nikisema siku za msiba zilipunguzwa na dunia haikuisha. Wale wageni wawili walituuliza tunagombania nini. Hatukuwaeleza. Hatukukubaliana siku ile wala baadaye. Hata sasa anapokuja kumenya ndizi huwa ananikumbusha. Lakini kwenye harusi iliyofuata, iliyokuwa ya mjukuu wake, aliniita mimi nikaingie chumbani, na mlangoni akanishika mkono kidogo.

"Na kile ulichoongeza," akasema, "kiseme mwanzoni, kabla hajachoka kusikiliza."